Saladi ya mfukoni: nyota tatu, na sasa naipika

Tangu nianze zamu za usiku hapa Berlin, karibu kila Ijumaa nanunua mfuko huu wa gramu 150. Majani mchanganyiko yenye rucola (majani ya saladi yenye uchungu kidogo), yameshaoshwa. Unayakamulia ndimu, unatia chumvi, umekula. Ladha sina ugomvi nayo. Ule uchungu wa mbali wa rucola unanikumbusha mgagani wa kwa bibi, Korogwe.

Ugomvi wangu ni mfuko wenyewe. Wa juzi ulibakiza siku mbili kufikia tarehe ya mwisho, lakini chini umetuama maji na majani mawili yameshakuwa mlenda. Maji yale bakteria huyapenda. Mwaka 2018 watafiti wa Julius Kühn-Institut, taasisi ya utafiti wa mimea humu humu Ujerumani, walipima saladi mchanganyiko, rucola na giligilani za madukani wakakuta E. coli, bakteria wa utumbo, walio sugu dhidi ya antibiotiki ya tetrasaiklini. Tena vinasaba vya usugu vilikaa kwenye plasmidi, vipande vidogo vya DNA vinavyoweza kuhama, kwa hiyo bakteria mmoja anaweza kumrithisha jirani yake. Njia mojawapo ya bakteria hao kufika shambani ni samadi ya mifugo iliyopewa dawa.

Kuosha tena hupunguza, hakumalizi. Moto huua, awe sugu asiwe sugu.

Mama mkwe alipokuja kututembelea aliutazama mfuko akasema, "Mwanangu, haya si ya mbuzi?" Akayakaanga na kitunguu na nyanya. Yalinywea yakawa kiganja kimoja, lakini kwa ugali, mmh!