Decimal ya Python: nimeitumia kwa hesabu za chama, maoni yangu ndiyo haya

Decimal ni zana ya kuhesabia desimali ndani ya Python, lugha ya kuandikia programu. Naipa nyota nne kwa tano, na hiyo moja ninayoinyima nitasema ni ya nini.

Nilikuwa nimeandikia chama chetu kaprogramu ka riba, asilimia 2.5, desimali mbili, kazi ya jioni moja tu nikajiambia. Wiki ya pili mweka hazina akaniita, "Kijana, hebu kuja uone hii," ameshika kalkuleta mkono mmoja na printauti mkono mwingine. Mkopo wa shilingi 107, ukurasa wa kwanza riba 2.67, ukurasa wa tatu 2.68. Deni ni lile lile, mtu ni yule yule. Nikamwambia ni senti moja tu mama, akaniangalia vile watu huangalia mwizi wa kuku.

Kurudi kwa kompyuta ndio nikaona nilichofanya. Mahali pamoja nimeandika 107*2.5/100, kwingine 107*0.025. Kwa kalkuleta zote ni 2.675, lakini floti, yaani namba ya desimali ya kawaida ya Python, inahesabu kwa sifuri na moja na 2.675 haiingii humo sawasawa, kinachowekwa ni 2.67499999999999982 na mkia wake, sasa round(), ile ya kuraundi namba, ikiona iko chini ya nusu inashusha, na ile nyingine ilikuwa imeangukia juu ya nusu kidogo sana basi ikapanda. Yaani round() haikudanganya mtu, namba ilifika kwake tayari imepinda. Halafu kuna hii ingine, round(2.5) inakupa 2 na round(3.5) inakupa 4, nusu kamili inaenda kwa namba shufwa iliyo karibu. Toleo la zamani, Python 2, halikuwa hivyo, hilo kwa round(2.5) lilikuwa linakupa 3.0.

Ndio nikahamia decimal. Hulipii, huinstoli, iko ndani ya Python tangu toleo la 2.4, na kwenye toleo la 3.3 iliandikwa upya kwa C, lugha yenye kasi zaidi, kwa hivyo si kobe tena, ingawa floti bado inaiacha nyuma kwa kasi. Unaandika Decimal('107') * Decimal('2.5') / 100, halafu .quantize(Decimal('0.01'), rounding=ROUND_HALF_UP), inatoka 2.68 kila mara. Hiyo rounding=ROUND_HALF_UP, yaani nusu ipande, usiisahau, ukiiacha inarudia mtindo wa shufwa, 2.665 inakuwa 2.66 na mweka hazina anakuita tena.

Na alama za nukuu jameni! Ukiandika Decimal(2.675) bila nukuu umebeba ile takataka ya floti yote na mkia wake, hata uiambie ipandishe nusu utapata 2.67. Nilipoteza saa mbili hapo nikilaumu kila kitu isipokuwa vidole vyangu.

Nyota niliyokata ni ya hilo jina quantize, nani angebahatisha neno kama hilo akitafuta kuraundi, na pia json, ule muundo wa kuhifadhi na kutumiana data, inakataa kuibeba mpaka uigeuze iwe maandishi. Ukijumlisha Decimal na floti inagoma, lakini hiyo mimi naona ni uzuri wake. Kama hesabu zako ni kujumlisha na kutoa tu, hakuna asilimia, weka senti kama namba nzima na usijisumbue na hii.

Printauti mpya mama aliipitia mstari kwa mstari na kalkuleta yake, akafika chini, akavua miwani, akaniuliza sasa ile senti ya mwezi uliopita iko wapi.