Kiwiko kinauma, daktari hata hakukigusa

Nyota moja, na hiyo moja si ya daktari.

Mimi ni mama lishe hapa Dar. Kutwa nasonga ugali, nakamua tui, nanyanyua masufuria. Miezi kadhaa iliyopita kiwiko cha kulia kilianza kuuma upande wa nje, pale penye kinundu cha mfupa, ikafika mahali hata kikombe cha chai nakishika kwa kushoto. Kufungua mfuniko wa chupa ndiyo usiseme. Nikaenda kwenye hii kliniki ya binafsi kwa sababu watu wanaisifia.

Naingia, daktari anaandika kwenye kompyuta. Akaendelea kuandika. "Mama, tatizo?" Nikaeleza, nikauweka mkono mezani kwake. Mkono ukakaa pale weee, hakuuangalia. Akauliza umri, akasema ni gauti, watu wa umri wako ndiyo magonjwa yenu, nenda maabara. Watu wa umri wangu!

Damu ikatolewa, eksirei ikapigwa, hela ikaenda. Majibu: asidi ya yuriki, ile inayoleta gauti ikizidi mwilini, iko kawaida, mfupa hauna kitu. Mnadhani alibadili kauli? "Tutibu tu kama gauti." Akanikataza nyama na maharage (mimi ninayepika maharage kila siku ya Mungu, nisiyaonje?), akaandika diklofenaki, dawa ya maumivu, akasema isipotulia nirudi anichome sindano ya steroidi. Gauti naijua, marehemu baba alikuwa nayo. Kiungo kinavimba, kinakuwa chekundu na cha moto, shuka likigusa mtu anapiga kelele, na mara nyingi inaanzia kidole gumba cha mguu. Kiwiko changu hakikuvimba hata chembe. Angekishika angeona. Nilipomuuliza mbona hajanigusa, akanijibu, "Mama, daktari ni mimi au ni wewe?" Pale nilinyamaza. Hapa sinyamazi.

Ila haki ya mtu nisiidhulumu. Nikiwa nasubiri dawa, binti wa fiziotherapia, wale wanaotibu viungo kwa mazoezi, chumba chake kiko nyuma ya famasia, aliniona nahamisha mkoba huku nimekunja uso. "Shikamoo mama, mkono una nini?" Akanikalisha. Nyoosha mkono, kunja ngumi, inua ngumi juu. Yeye akawa anaikandamiza chini. Nilipiga yowe. Akabonyeza kile kinundu, ndipo penyewe. Akauliza kama kidole cha mwisho na cha pete vinakufa ganzi, maana hiyo ingekuwa habari ya mshipa wa fahamu, kisha akaniangalia na shingo, kwa kuwa maumivu ya mkono wakati mwingine yanatokea huko. Muda wote huo, chai isingepoa. Akaniambia ni kano ya misuli inayoinua kiganja, imechakaa pale inaposhikana na mfupa kwa sababu ya kukaza mkono na kuuzungusha kila siku, na kwamba ugonjwa huu hutambuliwa kwa kumshika mgonjwa.

Tiba yake: mkono uegemee meza, kiganja kiangalie chini, nishike chupa ya maji ya nusu lita, niinue kwa msaada wa mkono wa kushoto, kisha niishushe polepole. Mkanda chini kidogo ya kiwiko wakati wa kazi. Mpini wa mwiko niuviringishie kitambaa unenepe, nisiubane sana. Nikamuuliza ile steroidi, akasema inatuliza wiki za mwanzo, lakini mwaka ukipita waliochomwa mara nyingi hali yao huwa mbaya kuliko wasiochomwa. Wengi hupona bila kupasuliwa, ila ni miezi, si siku. Kweli, sasa kikombe nakishika. Ugali mkubwa bado namwachia mwanangu.

Kwa hiyo nilitaka kuwapa nyota tatu, labda nne. Binti ni hodari, ana adabu, na bei yake haifikii hata ya ile eksirei. Lakini ndiyo hasira inarudi: mtu anayejua yuko hatua chache kutoka mlango wa daktari, na mimi nikatolewa damu bure!

Halafu niliporudi kwa mazoezi, mapokezi wakanikatalia. Lazima nilipe tena kumuona daktari, aniandikie karatasi ya kwenda kwa binti. Nikalipa. Daktari yule yule, kompyuta ile ile, mkono hakuugusa, na kwenye karatasi, mahali pa ugonjwa, akaandika: gauti.