Mashine ilisema tumeingia watatu

Nimejizuia siku kadhaa nisiandike hili, nikisema hasira ipoe kwanza. Haijapoa. Naandika nikiwa nayo hivyohivyo.

Mimi nauza dagaa. Karibu kila wiki navuka kwenda kisiwani, nanunua kwa akina mama wanaoanika, narudi na magunia yangu mpaka soko la Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza. Jina la pantoni naliacha, wanaovuka nami wataijua wenyewe. Nianze na ukweli mmoja: kadi ya kulipia nauli ilipokuja niliipokea kwa mikono miwili. Kabla yake tulikuwa tunabanana kwenye kidirisha kimoja. Unatoa noti ya elfu kumi, unaambiwa chenji hakuna. Ukibahatika unapewa pipi, usipobahatika unaambiwa "utachukua ukirudi", na ukirudi aliyeko zamu ni mwingine kabisa. Mia mbili hapa, mia tano pale, kwa mwaka mzima ni hela ya gunia. Kadi ilimaliza hayo. Unaweka hela kwa wakala, unagusa, mashine inalia, taa ya kijani, unapita. Wenzangu wengine walikuwa wanaiogopa, mimi ndiye niliyekuwa nawapeleka kwa wakala kuichukua.

Sasa siku yenyewe. Ilikuwa asubuhi, mvua za vuli ndiyo zimeanza, upepo wa ziwani unapiga na mawingu yamekaa vibaya. Nilikuwa narudi mjini na magunia manne. Anayejua dagaa anaelewa: wakinyeshewa ni hasara, na ukichelewa kufika Mwaloni unakuta wanunuzi wakubwa, wale wanaopakia kwenda Kongo, wameshafunga mzigo wao na waliobaki wanakupangia bei wanayoitaka. Mizigo nilishailipia, vijana wameshaipeleka ndani. Nilibaki mimi tu kupita getini.

Mbele yangu alikuwa mzee mmoja mwenye fimbo, kanzu imefifia, mfuko wa rambo mkononi. Alifungua fundo la leso, akatoa noti ya elfu moja iliyokunjwa mara nne, akainyoosha kwa kidole gumba kwenye paja lake mpaka ikalala sawasawa. Akamsalimu binti wa getini: "Mwangaluka." Binti hakuitika. Hakuinua hata uso kutoka kwenye simu yake.

"Kadi," akasema.

Mzee akanyoosha ile noti.

"Mzee, hela hatupokei. Kama huna kadi kaa pembeni, watu wapite."

Kibanda cha wakala kilikuwa kimefungwa. Asubuhi ile hakuna mtu yeyote ambaye angeweza kumuuzia mzee yule kadi hata kama angekuwa na hela ya kuinunua, na binti alikuwa anakiona kile kibanda kutoka pale alipokaa. Mimi nimelelewa kwamba mtu mzima akikusalimu unaitikia, hata kama uko msibani. Nikamwambia, "Mwanangu, mzee kakusalimu." Akanitazama kama vile nimemtukana.

Nikaona yasiwe maneno. Nikamwambia mzee, "Babu, nipe hiyo hela, nitakugusia mimi." Kadi yangu ilikuwa na 6,000, nilikuwa nimeiongeza jioni ya jana yake. Nikagusa, taa ya kijani, chuma kikazunguka, mzee akapita. Nikagusa mara ya pili ya kwangu. Mashine ikanyamaza kidogo, kisha taa nyekundu, chuma hakikusogea. Nikagusa tena. Nyekundu. Kwenye kioo ikaandika salio: 3,000.

Nikasema, "Imenikata tatu, na mimi bado niko nje."

"Umemgusia mzee, umejigusia, ukagusa tena. Mashine inaonyesha mmeingia watatu."

"Watatu wako wapi? Kaingia mzee peke yake. Mimi si huyu hapa mbele yako?"

"Mama, mimi nasoma mashine. Mashine haidanganyi. Gusa tena au toka kwenye mstari, unachelewesha watu."

Hilo ndilo lililonichoma, na bado linanichoma ninapoandika. Nimesimama mbele yake na mwili wangu wote, sauti yangu inasikika mpaka kwenye mnazi wa pili, na yeye ananiambia nimeshaingia. Nyuma yangu watu walianza kupiga kelele, wengine wakinilaumu mimi. Kijana mmoja wa bodaboda akasema, "Mama mkubwa, gusa tena tuondoke, hiyo elfu moja utaidai." Nikakataa. Elfu moja nyingine sitoi. Nikasema kwa sauti kwamba kadi hii ni wizi mtupu na nikishavuka naitupa ziwani. Nilikuwa namaanisha.

Tukiwa kwenye ubishi huo mashine zote zikazima. Mtandao umeondoka. Honi ya pantoni ikapigwa. Akaja mwanaume mmoja amevaa reflekta, akaangalia foleni, akaangalia mawingu, akasema neno moja: "Fungua."

Wakafungua lile geti la pembeni la kupitishia mikokoteni, na foleni yote ikamwagika ndani. Wanafunzi, akina mama na watoto migongoni, bodaboda na abiria wao, watu wa kreti za soda, hata vijana ambao sikuwaona kwenye foleni kabisa. Hakuna aliyegusa kadi wala kutoa hela. Hakukuwa na mtu wa kusimama hapo na daftari au hata kuhesabu kwa vidole. Binti alikuwa amerudi kwenye simu yake. Na mimi niliyekatwa tatu nikapita bure pamoja nao.

Ningeweza kufurahi hapo, wengi walifurahi. Nilipofika ndani nikajibanza karibu na magunia yangu, macho yakagonga ule ubao wa chuma ulioandikwa idadi ya abiria na magari inayoruhusiwa. Nikaangalia watu. Nikamwuliza kijana anayefunga kamba, "Leo tumepanda wangapi?" Akanijibu vizuri tu, bila dharau: "Sijui mama, waulize wa getini."

Wa getini anasoma mashine, na mashine imezima.

Mimi ni wa Mwanza. Meli ya MV Bukoba ilipozama, tarehe 21 Mei 1996, nilikuwa shule ya msingi. Nakumbuka mama yangu alivyokuwa anakwenda na kurudi bandarini kutafuta habari za mtu wa jirani yetu. Meli ile ilikuwa ya kubeba abiria 430. Daraja la kwanza na la pili walikuwa na orodha, daraja la tatu halikuwa na orodha. Wengi waliokuwa humo wamelala pale makaburini Igoma, na hesabu ya waliokufa mpaka leo ukisoma huku na kule haifanani. Hawakuandikwa walipopanda, ndiyo maana.

Halafu tarehe 20 Septemba 2018, MV Nyerere, kutoka Bugolora kwenda kisiwa cha Ukara. Ilikuwa siku ya gulio. Kivuko cha watu 101 kikapinduka kikiwa kimekaribia kabisa kufika, watu wa ufukweni wanakiona. Wakafa zaidi ya 220. Idadi ya waliokuwemo ikawa shida kuijua, kwa sababu aliyekuwa akikata tiketi alikufa pamoja nao, na mashine yake ikaenda majini.

Hapo ndipo nilipoanza kuigeukia hasira yangu mwenyewe. Maana kadi, kama inafanya kazi ilivyokusudiwa, ndiyo dawa ya jambo hili. Ukigusa, habari zako hazibaki kwenye mfuko wa mkata tiketi. Zinakwenda nchi kavu papo hapo. Pantoni ikipata ajali, Mungu aepushie mbali, hesabu iko juu ya ardhi, watu wanajua wanatafuta wangapi. Na kabla ya hapo, geti linaweza kufungwa idadi ikifika. Hii kadi niliyotaka kuitupa ziwani ningeitaka kwenye kila pantoni na kila boti inayobeba watu, kuanzia Kome mpaka Ukara. Wenzetu wa Kigongo na Busisi wana daraja lao la kilomita 3 tangu Juni 2025, habari za geti la pantoni wameziacha nyuma. Sisi wengine bado tunapanda maji.

Lakini itakuwaje kadi inihesabu mara mbili nikiwa nje, halafu isiwahesabu mamia wakiwa ndani?

Nina mtoto wa dada yangu anatengeneza simu pale Makoroboi. Nilimpelekea kadi siku ileile, harufu ya dagaa bado iko mwilini. Akaniambia, "Mama mdogo, humu ndani hakuna betri." Kuna kijipande kidogo na uzi wa shaba uliozungushwa pembeni. Ukiikaribisha kwenye mashine, mashine ndiyo inayoipa umeme kidogo kwa muda mfupi, wanaongea, wanamaliza. Ukiinua mkono kabla hawajamaliza, au mtandao ukikatika katikati, inawezekana upande mmoja uwe umeshaandika kwamba umelipa na upande wa pili haujaliambia geti likufungulie. Akaniambia niiweke kadi tuli mpaka nisikie mlio, nisiipitishe kama ninayefukuza nzi. Sawa, nimeelewa, na nikiri kwamba siku ile nilikuwa naigusa kwa pupa. Ila hakuna hata karatasi moja iliyobandikwa pale inayosema hivyo. Yule mzee angejuaje? Na binti wa getini, angekuwa amefundishwa hilo, si angeniambia tu, "Mama, weka kadi itulie," badala ya kuniambia nimeingia?

Naambiwa pia kuna mashine zinazoweza kutunza hesabu zenyewe mtandao ukiwa haupo, kisha zikazituma ukirudi. Za pale kwetu zilikufa zote kwa pamoja. Wahusika wakachunguze.

Wapo watakaosema mambo ya kadi si ya watu wetu, tumezoea hela mkononi. Sikubali. Mdogo wangu anaendesha lori la Rusumo, anasema Kigali wanagusa kadi za Tap&Go kwenye mabasi miaka mingi sasa, na pale stendi ya Nyabugogo ni akina mama wa vikapu kama mimi wanaogusa na kupita. Tukifunguliwa kibanda cha wakala mapema na tukijibiwa salamu, tutagusa vizuri sana.

Nilipiga simu huduma kwa wateja. Aliyepokea alikuwa na adabu, lazima niseme, akanipa shikamoo, akachukua namba ya kadi, akanisikiliza mpaka mwisho. Siku chache baadaye nikaona salio limepanda kwa 1,000. Elfu moja. Nikapiga tena kuuliza ya pili. Nikajibiwa kwamba kwenye mfumo inaonekana nilivuka, hiyo ya pili ni nauli yangu halali. Hapo sina ubishi sana, kwa kweli nilivuka. Lakini walioingia kwa lile geti la pembeni nao walivuka, na kwenye mfumo hawapo. Nikamwuliza yule dada wa simu, "Mwanangu, hiyo safari mfumo wako unasema tulikuwa wangapi?" Akanyamaza. Akasema atafuatilia.

Mtu akiniuliza leo kama achukue kadi, nitamwambia achukue. Juzi nilimwambia jirani asichukue, jana nikamwambia achukue, na nikikutana na yule binti kesho huenda nitabadilika tena. Uzuri wake ni wa kweli: chenji yangu iko salama, foleni inakwenda. Ninachodai kwa waendeshaji ni kidogo. Mtandao ukiondoka, geti moja tu libaki wazi na mtu mmoja asimame hapo na daftari, aweke mstari kwa kila kichwa, na namba apewe nahodha kabla kamba haijafunguliwa. Daftari ni shilingi ngapi?

Na mzee. Tulipofika ng'ambo nilimtafuta nimrudishie noti yake, maana foleni yote iliyokuwa nyuma yake ilipita bure, naye kalipa. Akakataa kuipokea. Akasema, "Umenilipia, mwanangu, hiyo ni yako." Nimeihifadhi kwenye kibeti pamoja na kadi, bado ina mikunjo yake minne.

Wiki iliyopita nimevuka tena. Nimeiweka kadi tuli, mlio ukalia, kijani, nikapita. Yule dada wa simu hajanipigia mpaka leo.