Uzio wa upepo yadini kwangu Pongwe, bado nna hasira

Jamani hili nimekaa nalo kifuani tangu kusi lishike, leo naliandika. Mi nauza kokoto, mchanga na lile vumbi la mawe la kufyatulia tofali, yadi iko huku Pongwe, Tanga, na nyuma yangu ni nyumba za watu. Kusi likivuma lundo linafuka kama moshi. Kuna bibi jirani alikuja na kanzu ya mumewe ya Ijumaa imekua rangi ya simenti, hakusema neno, akaikung'uta mbele yangu akaondoka. Niliona aibu sana.

Basi nikatafuta watu wa uzio wa kuzuia upepo, nikalipia ule wavu mgumu wenye vitundu. Siku ya kufunga wavu ukapungua, wakaenda upande wa kusi, yaani upande wenyewe wa upepo, wakafunga turubai zima halina hata tundu! Namuuliza fundi vipi tena, ananijibu mbele ya vibarua wangu "mzee we uza kokoto, mambo ya upepo tuachie sie". Kijana sawa na mwanangu wa mwisho, hata shikamoo hakunipa.

Sasa aliyewahi kupanda ngalawa anajua upepo ukikuta kitambaa unafanya nini. Uzio huu kazi yake si kuziba, unatakiwa uwe na uwazi karibu nusu, asilimia 40 mpaka 50 hivi, upepo upite umechoka, ukiuziba wote unaruka juu unaangukia nyuma unazunguka palepale kwenye lundo, na ndo nilichokiona, vumbi linanyanyuka kuliko kabla sijafunga kitu. Haikupita wiki nguzo mbili zikalala. Nikainama kupima lile zege la chini kwa mkono, halifiki hata dhiraa, limeng'oka na udongo wake kama muhogo.

Napiga simu hapokei. Nikatumia namba ya mke wangu akapokea, ananiambia "upepo wa Mungu huo mzee" akakata. Wallahi nilitetemeka.

Nilitaka niseme msinunue kabisa kabisa. Lakini nisidhulumu, upande wa baharini walikofunga wavu wenyewe, mrefu kupita lundo, upepo wa mchana ukija pale pametulia, kikombe cha chai kinakaa mezani bila utando. Loda ikimwaga kwenye tipa vumbi linatoka vilevile, hapo lazima umwagie maji, na hilo hawakuniambia. Kwa hiyo wavu ni mzuri, ntanunua mwingine na nguzo ntasimamia mwenyewe zichimbwe. Ila wale jamaa hata waje kufunga bure siwafungulii geti, na hela ya turubai lao naitaka.

Juzi bibi kaianika tena ile kanzu kwenye kamba yake ileile. Mi nimekaa huku naitazama tu, kila upepo ukitikisa nainuka kwenye kiti.