Modern Times ya Charlie Chaplin: vipande vinavyonivunja mbavu mpaka leo

Kuna kipande kimoja katika filamu ya Modern Times kinachopita upesi sana, na wengi niliotazama nao hukikosa kwa sababu bado wanacheka kilichotangulia. Charlie, ndivyo ninavyomwita mhusika anayechezwa na Chaplin, amesharukwa na akili kiwandani. Amekaza nati mpaka mikono haimtii tena, mashine imemmeza na kumtema, na sasa anazunguka na spana zake akikaza kila chenye umbo la nati: pua za wenzake, bomba la zimamoto lililoko barabarani, mpaka anaviona vifungo vya gauni la mama mmoja anayejipitia zake. Mama anatimua mbio, polisi anaingilia kati, Charlie anageuza na kukimbilia kulekule kiwandani. Anafika mlangoni, polisi yuko mgongoni kabisa, naye anasimama. Anagonga kadi yake ya mahudhurio. Ndipo anaendelea kukimbia.

Kwangu mimi hakuna kichekesho kinachokizidi hicho katika filamu nzima, ingawa hakimalizi hata sekunde tano. Mtu amechanganyikiwa hajitambui, lakini kadi hajaisahau. Nimeitazama filamu hii kwa miaka mingi, mara nyingine peke yangu, mara nyingine sebule ikiwa imejaa, na kila nikiirudia naona kwamba vichekesho vyake vikubwa vinatoka mahali pamoja: Charlie haishiwi adabu. Kazi inamvuruga, njaa inamuuma, polisi hawamwachi, na yeye bado anainua kofia, anashukuru, anafuta mdomo, anafuata utaratibu. Tunacheka kwa sababu yeye peke yake ndiye anayeuheshimu huo utaratibu ambao haumheshimu hata kidogo.

Kwa asiyeijua: ilitoka Februari 1936, Marekani ikiwa ndani ya ule mdororo mkubwa wa uchumi, watu wamepanga foleni za mkate. Chaplin aliiandika, akaiongoza, akacheza nafasi kuu na kutunga muziki wake. Sinema za kuzungumza zilikuwa zimeshashika soko lote wakati huo. Yeye mwenyewe aliandaa mazungumzo, akayajaribu, kisha akayaacha. Alichofanya badala yake ni kitu cha akili nyingi: katika filamu hii, maneno unayoyasikia kwa masikio karibu yote yanapitia kwenye chombo. Bosi anafoka kutoka kwenye skrini kubwa ya ukutani, mpaka chooni, Charlie anapojaribu kuvuta sigara kidogo. Muuzaji wa mashine hazungumzi, anaweka santuri imzungumzie. Redio inazungumza. Binadamu aliyesimama mbele yako hana sauti.

Sasa tuje kwenye mashine ya kulishia, maana hapo ndipo nyumbani kwetu watu hushuka kwenye makochi. Kampuni imekuja kumshawishi bosi kwamba mfanyakazi akilishwa na mashine, hakuna haja ya kusimamisha kazi saa ya chakula. Charlie anachaguliwa kuwa wa majaribio. Anafungwa humo, mikono haitoki, mbele yake meza ya duara yenye sahani. Bakuli la supu linanyanyuka lenyewe na kumiminia mdomoni. Kijiti kinasukuma vipande vya chakula kimoja kimoja. Hindi zima linazunguka mbele ya meno yake huku likienda kushoto na kulia. Na kila baada ya tonge kinakuja kifutio, taratibu, kinampangusa midomo.

Mzunguko wa kwanza unakwenda vizuri, na Chaplin anauacha uende vizuri kwa makusudi, ili ujue kila kifaa kazi yake ni ipi. Kisha hindi linaanza kuongeza mwendo. Tazama macho ya Charlie hapo, usitazame hindi. Mwili umefungwa, kwa hiyo anaigiza kwa macho na nyusi tu: kwanza mshangao, kisha anajaribu kwenda na mwendo kama mtu asiyetaka kumuudhi mwenyeji, halafu hofu. Cheche zinaruka. Wataalamu wanafungua mtambo, wanaweka nati kwenye sahani wakiwa kazini, wanasahau kuziondoa, na kijiti hakijui nati wala nyama, kinamsukumia mdomoni. Supu inammwagikia kifuani. Keki inambandika usoni. Na katikati ya maafa yote hayo kifutio kinakuja, kwa upole uleule, kinampangusa midomo. Mashine imemharibu mtu uso mzima lakini adabu ya mezani imeizingatia. Mama yangu, ambaye Kiingereza hakijui na filamu za zamani hana habari nazo, alikuwa anacheka machozi yanamtoka huku anasema, "Maskini mtoto wa watu, si wangemwacha ale mwenyewe!" Uamuzi wa bosi mwishoni ni kwamba mashine haifai kwa matumizi. Kuhusu Charlie hasemi kitu.

Katika kitabu cha maisha yake, Chaplin alieleza kwamba wazo la filamu lilichipuka baada ya mwandishi mmoja kijana kumsimulia habari za viwanda vya Detroit, ambako vijana wenye afya zao waliotoka mashambani walikuwa wanaharibikiwa mishipa ya fahamu baada ya miaka minne au mitano ya kufanya kazi kwenye mkanda wa kiwandani unaotembea bila kusimama. Ukilijua hilo, mikono ya Charlie inayoendelea kukaza nati hewani wakati wa mapumziko inachekesha na kuuma kwa pamoja.

Kipande kinachofanana na hicho kiko mbele zaidi, na ningeomba kila mtazamaji aviweke pamoja kichwani. Kiwanda kimefunguliwa tena, Charlie amekuwa msaidizi wa fundi mmoja mzee, anayechezwa na Chester Conklin, mwigizaji aliyekuwa na Chaplin tangu enzi za studio ya Keystone mwaka 1914. Kwa vurugu za Charlie, fundi anavutwa na mashine mpaka kinabaki kichwa tu nje, kimetazama juu. Charlie anahangaika kumtoa. Mara king'ora cha chakula cha mchana kinalia. Kazi imesimama, kwa hiyo naye anasimama, anaketi, anafungua chakula chake. Fundi yuko palepale kwenye meno ya gia, analalamika. Charlie anamlisha. Anamtia yai, anamtia mboga, kahawa inashindikana kwa sababu kichwa kimelala, basi anamchukua kuku mzima wa kuokwa na kumfanya faneli, kahawa inapita ndani ya kuku mpaka mdomoni. Kule mwanzo mashine ilimlisha mtu, ikamtesa. Huku mtu anamlisha mtu aliyenaswa na mashine, kwa ovyoovyo, kwa kumwagia, lakini kwa moyo. Naamini Chaplin alitaka tuvione vyote viwili, ndiyo maana havikukaa jirani.

Kipande cha chai na mke wa mchungaji hakisifiwi sana, nami ninakipenda mno. Charlie anakaribia kuachiwa jela, yuko ofisini anasubiri, na mchungaji amekuja na mkewe kutembelea wafungwa. Mume anaingia ndani, mama mchungaji anabaki na Charlie, wote wawili na vikombe vya chai, hawana la kuambiana. Tumbo la mama linanguruma. Halafu la Charlie. Kila mmoja anatazama pembeni kana kwamba hakusikia kitu, na kambwa kadogo ka mama kanabweka. Charlie, kwa kutaka kumsitiri mwenzake na kujisitiri, anafungua redio, na redio inatangaza dawa ya tumbo. Anaizima haraka. Hakuna anayeanguka, hakuna anayepigwa, ni watu wawili wenye heshima zao na matumbo yasiyo na heshima. Yeyote aliyewahi kukaa sebuleni na mgeni mkubwa ataielewa hali hiyo bila kuelezwa.

Kuhusu lile duka kubwa la ghorofa, ambako Charlie anapewa kazi ya ulinzi wa usiku, wengi huzungumzia viatu vya magurudumu. Anajifunga kitambaa machoni na kuteleza kwa maringo kwenye ukingo usio na reli, chini shimo la ghorofa nzima. Lile shimo lilichorwa kwenye kioo kilichowekwa mbele ya kamera, hatari haikuwepo. Nimelijua hilo kitambo, na bado viganja vinanitoa jasho. Uzuri wake ni huu: akiwa haoni, anateleza kwa madaha. Akishafungua kitambaa na kuona alipokuwa, miguu inaanza kumgombana. Halafu katika duka hilohilo wanaingia wezi, mmoja wao ni mwenzake wa kiwandani, na maandishi yanayotokea kwenye skrini yanasema wao si wezi, wana njaa. Charlie anawakaribisha. Mlinzi anakula na kunywa na wezi, kisa ni watu anaowafahamu.

Yapo yasiyonifurahisha. Sehemu ya jela ya mwanzo inarukaruka, na pale wanapofungua kibanda chao kibovu, mbao zinaanguka kichwani mara nyingi kuliko inavyohitajika. Pia nasikitika kwamba Paulette Goddard, msichana wa mitaani anayekuwa mwenza wa Charlie, hakupewa vichekesho vya kumtosha. Ule mwanzo wake, kisu mdomoni, anakata ndizi za wizi melini na kuwarushia watoto wenye njaa, una moto ambao filamu inaupunguza baadaye. Angeweza kubeba mengi zaidi.

Lakini wimbo. Charlie ni mhudumu wa mgahawa, kazi ya mezani imemshinda, bata wa mteja ameishia kwenye taa ya darini, na sasa lazima aimbe au afukuzwe. Maneno hayakai kichwani, basi msichana anamwandikia kwenye ncha za mikono ya shati. Anatoka kwa mbwembwe, anarusha mikono kuwasalimu watu, na zile ncha zinachomoka na kuruka na maneno yote. Anacheza huku anazitafuta sakafuni. Muziki unazunguka, wateja wanapiga kelele. Msichana anamwashiria aimbe tu, maneno si kitu. Basi anaimba kwa lugha ambayo haipo, inayosikika kama Kiitaliano kilichochanganywa na Kifaransa, na kwa mikono, masharubu na macho anakusimulia kisa kizima cha bwana mnene na msichana anayetamani pete. Ndiyo mara ya kwanza watazamaji wa sinema kuisikia sauti ya Chaplin kutoka kwenye skrini, baada ya kumwona kwa zaidi ya miaka 20.

Sisi tuliokulia kwenye vibanda vya video tumezoea sinema kutafsiriwa, jamaa anatusimulia juu ya sauti ya waigizaji, na kusema kweli wengine walikuwa mahodari kuliko sinema yenyewe. Hii haimhitaji. Wimbo ule hata aliyezaliwa Hollywood haelewi neno, na wote tunaelewa kisa kwa kiwango kilekile. Hapo mama yangu na msomi wa sinema wameketi benchi moja.

Kwa anayetaka kuitazama: tafuta nakala iliyosafishwa. Ninayo ya diski, nyeusi na nyeupe zake zimekolea, na sauti za mashine zinasikika wazi, jambo ambalo ni nusu ya utamu. Niliwahi kukutana na nakala za mitaani ambazo juu pamekatwa, kwa hiyo kichwa cha Charlie hakipo wakati anaigiza kwa nyusi, hizo achana nazo. Usishangae ukiona watu wanatembea harakaharaka, sehemu kubwa ilipigwa kwa mwendo wa kamera wa sinema za kimya, na Chaplin aliitaka hivyo. Maandishi ya Kiingereza yanayotokea ni machache na mafupi, mtu mmoja akiwasomea wengine yanatosha. Kwa wazazi, kuna kipande cha jela ambapo Charlie anajinyunyizia chakulani dawa za kulevya akidhani ni chumvi. Kinachekesha sana na hakina ubaya, ila mtoto atauliza, uwe na jibu.

Filamu ni dakika 87, inaisha kabla watoto hawajasinzia. Picha yake ni ya umbo la karibu mraba, na televisheni nyingi za sasa zitaivuta ijaze kioo, Charlie aonekane mfupi na mnene. Chukua rimoti uirudishe kwenye umbo lake la 4:3 kabla hujaanza, maana mwili wake mwembamba ndio unaobeba kila kichekesho.