Riwaya za watoto: kabla hujalipa, fungua mwisho wa sura ya kwanza

Malalamiko yanayonijia tangu likizo ya Agosti ni ya namna moja: "Dada, nimemnunulia riwaya ya Kiswahili, kasoma sura mbili kaitupa." Wengi wanadhani mtoto hapendi Kiswahili, wengine wanailaumu simu. Mimi huwauliza jambo moja tu: hiyo sura inaishaje?

Ninayo moja hapa mezani, jina lake nalisitiri. Msichana kajibanza uvunguni mwa kitanda, wezi wameshaingia chumbani, mmoja anainama kuinua shuka. Sura imekwisha. Mstari unaofuata: "Zoezi. Kwa nini Halima alijificha? Taja kinyume cha neno ingia. Tunga sentensi mbili ukitumia neno uvungu." Jamani! Roho iko juu, unamwambia mtoto atunge sentensi. Na kama hilo halitoshi, geuza ukurasa wa mwisho kabisa, kwenye maswali ya jumla: "Eleza sababu zilizomfanya mjomba ashirikiane na wezi." Mtoto gani hachungulii nyuma ya kitabu? Siri ya mjomba imekwenda na maji.

Chanzo chake kinajulikana. Mchapishaji anataka kitabu chake kipate idhini ya KICD, taasisi ya mitaala ya Kenya, kiingie madarasani, kwa kuwa shule hununua kwa mamia, na mzazi hununua kimoja. Kwa hiyo hadithi inavalishwa sare. Sina ugomvi na mazoezi, yana vitabu vyake. Ila ukitafuta cha kusoma kitandani, ukubwa wa maandishi na picha za jaladani utavitazama baadaye. Kwanza fungua mwisho wa sura.

Nafasi ya kwanza nawapa Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam, na upendeleo wangu siufichi. Nyumba hiyo aliianzisha Walter Bgoya mwaka 1991, na vitabu vyao vya watoto vilivyopita mikononi mwangu vinaniachia hadithi ianze, iende, iishe. Karatasi nzuri, Kiswahili kinachotiririka. Tabu ni kuvipata huku Mombasa. Mimi humngoja mtu anayevuka mpaka wa Lunga Lunga, nikampa orodha na pesa, nikamwomba asivikunje.

Ya pili ni riwaya zenye umri wake. Kwa mtoto wa miaka kumi na miwili hivi, Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, ya 1952. Ni nyembamba, na ina gavana mwema ambaye kila usiku anawachapa manyani wawili huku moyo ukimuuma. Mtoto akishafika hapo hakuna haja ya kumsukuma, atataka kujua manyani wale ni nani. Lugha ni ya zamani, kwa hiyo msomee wewe kurasa za mwanzo. Kwa aliyeingia sekondari, Siku Njema ya Ken Walibora, ya 1996: Kongowea Mswahili, mtoto wa mwimbaji wa taarabu wa Tanga, anafunga safari hadi Kitale kumtafuta babake. Niliisoma tena juzi na bado inanishika.

Lakini itafute peke yake. Kwa kuwa iliwahi kutahiniwa shuleni, kuna wauzaji ambao ukiitaja tu wanakuletea na mwongozo, eti "vinakwenda pamoja". Haviendi pamoja. Mwongozo utamhesabia mtoto maudhui na tamathali za semi kabla hajajua Kongowea amefika wapi.

Na hao wauzaji ndio wanaonichosha. Ukiingia, swali la kwanza: "Gredi ya ngapi?" Hakuna anayekuuliza mtoto anapenda nini, mizimu au mpira au mapenzi ya kwanza. Duka moja mjini limeanza kuvifunga kwa nailoni, na ukigusa ukingo unaambiwa ukifungua umenunua. Sasa sura nitaionaje? Wa mtandaoni ndio kabisa, picha ya jalada na bei. Na bei yenyewe! Tangu sheria ya VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ya 2013 kitabu kinatozwa asilimia 16, riwaya ya mtoto sawa na kiatu. Viwili tu, noti ya elfu imekwenda.

Vya bei rahisi? Inama wapo, wale wauzaji wa vitabu vilivyotumika kando ya barabara, na vinapatikana, ila kagua penseli: mara nyingi mwenye kitabu wa kwanza ameshayajibu yale mazoezi, tena kwa makosa. African Storybook ni bure kwenye simu, lakini ni hadithi fupi za wadogo. Huyo wa miaka kumi na miwili atazimaliza chai haijapoa.

Kama duka lako linaruhusu kufungua kitabu kabla ya kulipa, niandikie lilipo, nitawatajia na wenzako.