Soksi za bei nafuu za kamba ya winchi: mkanda wa kiti, mpira wa pampu au tyubu?

Winchi ni mashine ya gari ya kujikwamua kwa kuvuta kamba iliyozungushwa kwenye ngoma yake, na soksi ni ala ya kuivalisha kamba hiyo isikwanguliwe. Kamba ya winchi ya nyuzi, kama ile ya Dyneema, ni nyepesi, haina vipande vya waya vya kuchoma viganja, na inaelea majini. Adui zake ni ncha kali, mchanga na joto. Sasa chukua mawe ya granaiti yaliyotapakaa Dodoma, ongeza makorongo ya mchanga kuelekea Kondoa na Mpwapwa, utaelewa kwa nini kamba inayotumika bila kinga huku huota manyoya mapema. Tumelinganisha vitu vya kuivalisha vinavyopatikana hapa hapa mjini, na havilingani hata kidogo.

Nafasi ya kwanza tunaupa mkanda wa kiti cha gari. Utaupata kwa wauza spea za magari yaliyochinjwa. Chagua ambao haujapauka kwa jua. Kata vipande viwili vya mita 1.5, vilaze kimoja juu ya kingine, kisha mpe fundi viatu ashone kingo zote mbili kwa uzi wa nailoni, mistari miwili kila upande, ule wa ndani ukiwa milimita 5 hivi kutoka ukingoni. Mkanda una upana wa karibu sentimita 4.8, kwa hiyo ndani unabaki na nafasi ya sentimita 3.8 ukiulaza bapa. Kamba ya milimita 10 inapita bila shida, hata pale ilipofumwa kutengeneza kitanzi. Kitanzi chenye chuma ndani hakipiti: fungua mwisho wa kamba kwenye ngoma ya winchi na uivalishe kutokea huko. Ncha za mkanda ziunguze kwa kisu cha moto zisifumuke, lakini fanya hivyo kabla ya kuivalisha kamba, maana kamba yenyewe huyeyuka karibu nyuzi joto 145 na nguvu zake huanza kushuka mapema sana, kwenye 70 hivi. Mkanda ni poliesta, huyeyuka kwenye 250 na ushee. Hapo ndipo unapoipita mipira yote: kamba ikisuguana na mkanda kwa kasi, soksi haigeuki uji. Mwambie fundi mafundo ya uzi yakae nje. Fundo gumu likibaki ndani litakwangua kamba mahali pale pale kila ukivuta.

Mpira bapa wa pampu ya maji, ule wa kumwagilia mashamba ya zabibu, unashika nafasi ya pili. Wa inchi 2 una upana wa sentimita 8 ukiwa bapa. Ukate mita moja, uchane kwa urefu, uviringishe kwenye kamba mara mbili. Uzuri wake ni kwamba unauvalisha bila kufungua chochote, na kwenye ukingo wa mwamba unene huo unasaidia. Ila ni plastiki: hulainika kwa joto, na granaiti ikishaanza kuuchana, unachanika wote. Uhesabu ni kitu cha kutupa baada ya kazi mbili tatu. Ukibahatika kupata kipande cha mpira wa zimamoto uliostaafu, uchukue badala yake, kwa sababu ganda lake la kufumwa ni gumu zaidi.

Suruali ya jinzi ya mtumba inatosha kwa dharura. Pamba haiyeyuki, na tabaka tatu za mguu wa suruali zinamaliza mvuto mmoja vizuri. Sandarusi usipoteze nayo muda, jua limeshaila kabla hujaifunga.

Tyubu ya pikipiki ndiyo watu wengi hukimbilia, na ndiyo tusiyoishauri. Raba inaing'ang'ania kamba, kwa hiyo soksi inasafiri pamoja na kamba hadi kwenye mdomo wa winchi, yaani tundu la chuma ambapo kamba inaingilia, na kukwama pale. Pia inashika mchanga ndani kama msasa.

Soksi yoyote ile lazima ibaki kwenye jiwe wakati kamba inatembea. Toboa ncha moja ya soksi, pitisha kamba nyembamba na uifunge kwenye kigingi au kichaka. Isiingie kamwe kwenye ngoma. Na kwenye mti tumia mkanda mpana, usizungushe kamba yenyewe. Kwa mbuyu hasa, maana ganda lake ni laini na kamba inazama.

Kuna kitu soksi haitibu: mchanga ulioingia katikati ya nyuzi. Kila baada ya kazi ya matope au mchanga, toa kamba yote, iloweke kwenye beseni la maji baridi na sabuni kidogo, ibane na kuiachia kwa mikono hadi maji yawe safi, kisha ianike kivulini. Petroli isiiguse.

Kagua pia mdomo wa winchi, hasa kama gari liliwahi kutumia waya, kwa sababu waya huacha mifereji yenye meno. Pitisha kipande cha pamba ya dukani taratibu pande zote. Pakishika nyuzi za pamba, piga msasa namba 120, kisha 240, kisha 400, hadi pamba iteleze.

Manyoya mafupi juu ya kamba ni ya kawaida, hata yanasaidia kuikinga. Sehemu inayong'aa na kuwa ngumu kama plastiki imeungua, na hapo hakuna soksi itakayosaidia. Kata na ufume upya. Usipige fundo, maana nyuzi hizi zinateleza na fundo hula nguvu nyingi. Sehemu ya ncha unayoizika ndani ya kamba yenyewe iwe karibu mara 72 ya unene wa kamba, yaani sentimita 72 kwa kamba ya milimita 10.